Kabla ya Kukata, Sikiliza Hadi Mwisho: Kutafuta na Kukata Sampuli za Biti za Hip Hop

Kila kundi jipya la vijana linaloingia kwenye maabara yetu ya sauti huniletea swali lile lile. Kijana anafungua kompyuta, anaweka wimbo wa zamani, anaruka mpaka katikati, kisha anauliza: "Mwalimu, nikate wapi?" Humwomba aurudishe wimbo mwanzo, atoe mkono kwenye kipanya, ausikilize wote. Wengi hukereka. Dakika sita ni nyingi kwa mtu anayetaka biti iwe tayari jioni hiyo. Lakini sampuli nzuri, yaani kipande cha rekodi unachokichukua ukajengee biti, mara nyingi haiko kwenye kiitikio ambacho kila mtu anakijua. Imejificha pale mpiga gitaa anapobaki peke yake kwa sekunde mbili, au mwishoni, tarumbeta zinapofifia.

Hip hop yenyewe ilizaliwa na sikio la namna hiyo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaica, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy. Herc alikuwa amewachunguza wachezaji wake. Aliona wanangojea sehemu moja fupi ya wimbo, ile ambayo waimbaji wananyamaza na zinabaki ngoma. Akawa anaweka santuri mbili za wimbo mmoja: sehemu hiyo, iitwayo breki, ikiisha kwenye hii, anaiendeleza kwenye ile, na sekunde chache zinageuka dakika nzima.

Mashine za kurekodi na kuchezesha sampuli zilikuja baadaye. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilibeba sekunde 10 tu za sauti kwa jumla, na kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Watayarishaji wakatafuta njia. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika waliizungusha kwa 45 wakati wa kurekodi, halafu wakaishusha kasi ndani ya mashine. Kwa ujanja huo, nafasi ya sekunde 2.5 ilimeza muziki wa zaidi ya sekunde 3. Sauti ilitoka na mkwaruzo, na mkwaruzo huo ukawa ladha ambayo leo watu wanainunua kwa programu maalumu. Akai MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, ikaleta pedi 16 za kugonga kwa vidole. Mpangilio ule wa nne kwa nne ndio unaouona mpaka leo kwenye vifaa vya bei nafuu.

Nawasimulia vijana haya kwa sababu uhaba ule ulikuwa mwalimu. Mwenye sekunde 10 hukata anachokihitaji tu.

Sasa, wapi pa kutafuta? Tafuta penye vyombo vichache. Gitaa, sauti, besi na ngoma vikishalia pamoja, huwezi kuvitenganisha vizuri. Siku hizi zipo programu za kutenganisha sauti na ala, nami nazitumia, ila sikiliza matoazi baada ya kutenganisha: mara nyingi yanatoka kama yamelowa maji. Ni afadhali dakika tano zaidi za kutafuta.

Muziki wetu una sehemu nyingi za aina hiyo kwa anayejua muundo wake. Katika dansi la zamani, wimbo huanza taratibu kwa mwendo wa rumba, kisha hupanda kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Sikiliza mpito wenyewe, pale gitaa linapoita chemko kabla ngoma hazijajibu. Katika taarab asilia, bashrafu, yaani kipande cha ala cha kufungulia, haina mwimbaji kabisa, na takasimu, yaani upigaji wa papo kwa papo wa ala moja kama qanun (ala ya nyuzi nyingi) au udi, haifuati mwendo wa ngoma. Hiyo ni hazina, maana haijafungwa kwenye kasi yoyote. Unaiweka juu ya mwendo unaoutaka wewe na haikugombezi.

Ukishapata kipande, usikimbilie lupu, yaani kukirudiarudia vile vile kilivyo. Wiki kadhaa zilizopita kijana mmoja alikuja na biti yenye lupu ya mizunguko minne kutoka wimbo wa dansi. Mzunguko wa kwanza ulikaa vizuri na ngoma zake, wa pili ukayumba, wa nne ukawa umekwisha achana nazo. Alidhani kompyuta ni mbovu, kumbe bendi ile ilirekodi moja kwa moja studioni, watu wazima wakipiga pamoja bila saa ya kuwaongoza, na kila damu ilipochemka walikaza mwendo. Kwenye mapigo 90 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.67 na mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.67. Bendi ikikaza kidogo tu kila mzunguko, ukifika wa nne sikio linaona. Tukaukata wimbo pigo kwa pigo, kila kipande kikaanza mahali pake, na kuyumba kukaisha.

Katika kukata kwenyewe, kuza picha ya wimbi la sauti kwenye skrini mpaka uone sauti inapochipuka. Kata hapo hapo. Ukichelewa, unapoteza ule mgongano wa kidole na uzi unaoipa nota nguvu. Ukiwahi mno, kimya kidogo kinatangulia na kipande kitasikika kinavuta mguu kila ukigonga pedi. Hakikisha pia unakata wimbi linapopita kwenye mstari wa sifuri, ule wa katikati ya picha, vinginevyo utasikia "tik" ndogo. Ikikataa kutoka, fifisha mwanzo na mwisho kwa milisekunde mbili tatu.

Halafu viweke vipande vyote kwenye kundi moja la kunyamazishana, ili kila kipya kinapolia kilichotangulia kikome. Hatua hii husahaulika sana, na bila hiyo mikia ya sauti inapandana na biti inakuwa matope.

Baada ya hapo, cheza. Nasisitiza kucheza kwa vidole. Usichore kwa kipanya. Gonga pedi ovyo kwa robo saa, geuza mpangilio, anza na kipande cha saba urudi cha pili. Hapo ndipo wimbo mpya unajitokeza ndani ya ule wa kwanza. J Dilla, mtayarishaji wa biti wa Detroit aliyefariki Februari 2006, alijulikana kwa kuzima ule usaidizi wa mashine unaosogeza kila pigo kwenye mstari wake. Aliyaacha mapigo yakae pale mkono ulipoyaweka. MPC yake imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi la Smithsonian, Washington.

Neno moja kuhusu besi. Chuja sampuli uondoe masafa yake ya chini, kisha upige besi yako mwenyewe. Tena irekebishe besi ifuate sampuli, kwa kuwa kanda za zamani mara nyingi zilizunguka haraka au polepole kidogo, na nota zake huangukia kati ya funguo za kinanda chako.

Lililobaki ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi "Amen, Brother", na ndani yake Gregory Coleman akapiga ngoma peke yake kwa sekunde zisizofika nane. Breki hiyo imetumika katika nyimbo maelfu, na Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa mrabaha kwa ajili yake. Clyde Stubblefield, aliyempigia James Brown ngoma kwenye "Funky Drummer", hakuandikwa kuwa mtunzi, na breki yake ilitajirisha wengine. Walikuwa watu wenye mikono na watoto, kama wapiga magitaa wa kwetu ambao majina yao hayamo hata kwenye lebo ya santuri.

Kwa hiyo tufute ile imani kwamba sekunde chache ni halali kwa kila mtu. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya shirikisho Marekani ilihukumu kesi ya mlio wa gitaa wa sekunde mbili, ulioshushwa sauti na kurudiwarudiwa, ikasema kwa ufupi: pata leseni au usichukue. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya ngazi hiyo hiyo ilikataa msimamo huo, hivyo hata huko majaji hawajakubaliana. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zinamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Juu ya hilo, rekodi ina haki yake yenyewe, na mwenye nayo anaweza kuwa mtu tofauti kabisa na mtunzi. Ruhusa ni mbili.

Anzia kwenye daftari. Siku unapokata, andika jina la wimbo, bendi, mtunzi, mpigaji kama anajulikana, lebo, mwaka, na dakika na sekunde ulipokata. Ukingoja miezi sita, vipande ulivyovigeuza hutavitambua hata wewe. Kwa maelezo hayo unaweza kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa Tanzania au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ukaulizie mwenye haki kabla ya kuutoa wimbo. Mwenye rekodi asipopatikana au akikataa, mtafute mpiga gitaa, mpe nauli na ujira wake, akupigie upya ile sehemu. Hapo hutumii tena rekodi ya mtu, na anayebaki kuombwa ruhusa ni mtunzi au warithi wake.