Siumwi, Nipimwe ya Nini? Maswali Kuhusu Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani hii huletwa na nini?
Karibu kila mara ni virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi huvipata na mwili ukavifukuza wenyewe. Vikikaa miaka mingi, ndipo mlango wa kizazi huanza kubadilika.

Siumwi popote. Nipimwe ya nini?
Sisi wahudumu wa afya hapa Kisumu swali hili halitukauki, liwe la mama muuza samaki au la mwalimu. Pimwa kwa sababu huumwi. Mabadiliko ya mwanzo hayaumi, hayatoi damu, hayanuki. Kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida hupita zaidi ya miaka 10, na ndani ya miaka hiyo yote ungeweza kutibiwa kwa dakika chache.

Si nitakuja maumivu yakianza?
Utakuwa umechelewa, mama. Kiuno kinapouma bila kukoma na mguu ukavimba, mara nyingi ugonjwa umeshasambaa. Tunawapokea wanawake waliokunywa mitishamba na vidonge vya duka kwa miezi, eti ni fangasi, huku damu ikitoka kila baada ya tendo la ndoa. Damu hiyo, au damu inayorudi baada ya hedhi kukoma, si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Njoo wiki hii. Na kama huna dalili yoyote, njoo vilevile. Usingoje maumivu!

Zahanati yetu haina maabara. Nitapimwa na nini?
Na siki. Muuguzi hufungua uke kwa kifaa maalum, hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama. Penye mabadiliko hugeuka peupe. Jibu unalipata ukiwa bado kitandani.

Papsmia, kipimo cha chembe zinazokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi, huhitaji maabara na mtaalamu wa kuzisoma, na wengi hawarudi kuchukua majibu. Kipimo cha HPV hugundua zaidi, na unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia. Kikiwapo, kichukue. Kama iliyopo ni siki, pimwa kwa siki leo. Ila siki si ya kujioshea nyumbani, wala ndimu, wala sabuni. Ndani ya uke hapaoshwi.

Nani aje?
Kenya inawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Anayeishi na virusi vya Ukimwi hatari yake ni karibu mara 6, kwa hiyo asiruke tarehe hata moja ya kupimwa. Binti aliyepata chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini 2019 kwa wasichana wa miaka 10, naye atapimwa akikua.

Nikikutwa na doa jeupe, niende kwanza nikamuulize mzee?
La. Doa jeupe mara nyingi si saratani bado. Ni nafasi ya kuizuia. Likifaa kutibiwa hapo hapo, tunalichoma kwa joto siku hiyo hiyo, hulazwi, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Likiwa kubwa, utapewa rufaa, na rufaa si karatasi ya kukunja na kuweka kwenye pochi. Wanaosema "nitarudi nikishaongea naye" wengine tunawaona tena baada ya miaka, wakiletwa. Tibiwa kwanza. Cha kumweleza mzee ni kwamba kwa wiki 4 hakuna tendo la ndoa, au kondomu itumike, na majimaji yatatoka kipindi hicho. Kama ana maswali, aje tumjibu.