Apoptosisi: kwa nini pafu moja hupona na jingine hubaki na kovu

Shangazi yangu wa Nyalenda, hapa Kisumu, alitibiwa saratani ya Kaposi kwa dawa iitwayo bleomisini. Kila aliporudi kliniki aliulizwa swali lilelile: "Mama, ukipanda ngazi unahema?" Dawa hiyo hukata DNA ya seli za saratani. Tatizo ni kwamba mapafu yana kimeng'enya kidogo sana cha kuivunja, hivyo nayo huumia, na jeraha hilo laweza kuacha kovu.

Ili kulielewa kovu hilo, anza na apoptosisi: kifo cha seli kinachofuata mpango wa mwili wenyewe. Neno hili lilianza kutumika kwa maana hiyo mwaka 1972, kutoka Kigiriki, likitaja majani yanavyopukutika mtini. Seli hunywea, hujigawa vipande vidogo, kisha seli nyingine huvimeza bila vurugu. Seli inayokufa kwa kupasuka humwaga yaliyomo na kuzua uvimbe.

Ndani ya pafu, kifo hiki huokoa na huangamiza, kutegemea ni seli ipi inayokufa. Mtazame fundi wa mitumbwi pale ufuoni Dunga. Ubao umeachana, anasukuma pamba kwenye ufa kwa patasi, anapigilia, anakusanya vyombo vyake, anaondoka. Miofibroblasti, seli zinazotengeneza kovu, nazo hufuma nyuzi za kolajeni kuziba jeraha, halafu zinapaswa kufa. Zikikataa, ni kama fundi anayezidi kugongomea mbao ndani ya mtumbwi mpaka mvuvi akose pa kukaa. Upande wa pili, seli zinazotandaza kuta za vifuko vya hewa, ambazo zingefunika kidonda, zikifa kupita kiasi, kidonda hukaa wazi na mafundi huendelea kuitwa.

Jeni ndizo zinazonivutia zaidi. Panya weusi wa maabara wa ukoo wa C57BL/6 wakipewa bleomisini hupata makovu mazito. Weupe wa ukoo wa BALB/c huistahimili zaidi. Jeraha ni moja, urithi ndio tofauti. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walieleza kwamba panya wenye hitilafu katika Fas, kipokezi cha juu ya seli kinachopokea amri ya kufa, walikingwa na makovu. Mwaka 2000 kundi jingine likaona makovu yakitokea hata Fas isipofanya kazi. Mimi siuoni mgongano huo kuwa aibu: amri ya kufa hupita njia nyingi, na protini ya p53, inayoitikia DNA ikikatika, ni mojawapo.

Panya si binadamu, na umri na dozi vina uzito wake. Lakini kwenye benchi la kliniki shangazi alikaa na wenzake waliotundikiwa dawa ileile, kila mmoja na jeni zake, na kila mmoja aliulizwa kuhusu pumzi yake.