Zulia la Chumbani Penye Paka au Mbwa: Dhana Potofu na Ukweli

Watu wengi huchagua zulia kwa kulipapasa kwa kiganja na kuuliza bei. Kama nyumbani kuna paka au mbwa, kiganja hakitakwambia unachohitaji kujua. Kucha, manyoya na mkojo vina namna zake za kuliharibu zulia, na uharibifu mbaya kuliko wote hutokea upande wa chini, usikoonekana.

Dhana ya kwanza ni kwamba zulia nene ndilo linalodumu. Nyuzi ndefu zilizopandwa kwa kuachana hulala haraka zikikanyagwa, na manyoya yakishazama humo mashine ya kufyonza vumbi huyapata kwa shida. Kinacholipa zulia maisha ni jinsi nyuzi zilivyobanana na jinsi kila uzi ulivyosokotwa. Dukani, chukua sampuli uikunje, upande wa nyuzi ukiwa nje. Ukiuona waziwazi mgongo wa zulia, yaani kitambaa kinachoshikilia nyuzi, basi nyuzi ni chache. Kisha tazama ncha ya uzi mmojammoja: ikiwa imefumuka kama ufagio uliochakaa ilhali zulia bado ni jipya, liache.

"Zulia la vitanzi ni gumu, wanalitandika hata maofisini." Zulia hilo, ambalo nyuzi zake hazikukatwa bali zimepindwa kama pete, ni gumu kwa viatu, ila si kwa kucha. Ukucha ukinasa kwenye kitanzi, mnyama hujinasua kwa kuvuta, na uzi mmoja ukivutwa unaweza kufumuka mstari mzima. Penye paka hasa, tafuta zulia ambalo ncha za nyuzi zake zimekatwa, tena fupi. Na kama tayari unalo la vitanzi, uzi uliochomoza usiuvute. Ukate kwa mkasi, usawa na wenzake.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni hii: zulia lililotengenezwa lisishike madoa haliwezi kunuka. Kinga hiyo iko kwenye uzi. Mkojo hauishii hapo. Hupenya mgongo wa zulia, ukaingia kwenye tandiko la sponji linalowekwa chini yake na hata sakafuni, na huko chini husambaa kuliko doa unaloliona juu. Ukikauka huacha fuwele za asidi ya uriki ambazo haziyeyuki kirahisi katika maji. Ndiyo maana chumba kilichosafishwa vizuri huanza kunuka tena hewa ikiwa na unyevunyevu. Ukiwahi, kandamiza kitambaa kikavu bila kusugua, mpaka kiache kunyonya. Kisha tumia dawa yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja uchafu, imiminwe ya kutosha kufika ulikofika mkojo, na iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Mvuke wa moto hauna msaada hapa, maana joto laweza kuligandisha doa. Dawa zenye amonia nazo ziepuke: mkojo unaooza hutoa amonia, na harufu hiyo inaweza kumrudisha mnyama palepale. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo wala kuichanganya na amonia, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Kwa hiyo, kama fedha ni kidogo, mimi ningeanza na tandiko la chini. Lipo lenye ngozi ya plastiki juu isiyopitisha maji, na hilo ndilo linalookoa sakafu. Lisiwe laini kupita kiasi. Wengi hudhani ulaini huo ni starehe, kumbe tandiko linalobonyea sana huupinda mgongo wa zulia kwa kila hatua, maungio yakaachia na mikunjo ikajitokeza.

Na sufu je? Ni nyuzi nzuri, hurudi juu ikikanyagwa na haishiki moto upesi. Lakini hunyonya unyevu mwingi, mkojo unaweza kuibadilisha rangi, nondo huila, na bei yake iko juu. Kati ya nyuzi za kiwandani, nailoni huvumilia kukanyagwa kuliko poliesta. Polipropilini hainyonyi maji na bei yake ni ndogo, ila hulala mapema na mafuta huing'ang'ania. Hapa chumba cha kulala kinakupa nafuu: hakina mapito mengi kama sebule au korido. Poliesta iliyobanana vizuri inatosha kabisa, na kinachobaki kinunue tandiko. Uliza pia kama rangi ilichanganywa kwenye malighafi kabla ya uzi kutengenezwa. Uzi wa namna hiyo una rangi hadi ndani, na haupauki upesi.

Kuhusu rangi yenyewe, wanaosema nyeusi huficha uchafu hawajafuga paka mweupe. Chagua inayokaribiana na manyoya ya mnyama wako, yenye madoadoa. Na wenye mzio wasijipe moyo kwa sababu mbwa wao ana manyoya mafupi: vinavyosumbua hutoka kwenye magamba ya ngozi, mate na mkojo, na zulia huvihifadhi mpaka vifyonzwe. Ikiwa mtu wa nyumbani anapata pumu kwa ajili hiyo, sakafu tupu ni bora kuliko zulia lolote.

Unapolinganisha bei, weka pamoja zulia, tandiko, ufundi na kuondoa zulia kuukuu. Mwambie fundi akuachie vipande vilivyobaki, kwa kuwa zulia la jina lilelile likinunuliwa baadaye huenda rangi isilingane. Pembe ikichimbwa na kucha, kipande hicho ndicho kitakachotiwa kiraka.