MRI inayotoa namba: maswali na majibu

Nikipimwa MRI hupewa picha. Namba zinatoka wapi tena?

Picha ya kawaida ya MRI, yaani mashine inayotumia sumaku na mawimbi ya redio kupiga picha za ndani ya mwili, ina weupe, ukijivu na weusi, na weupe huo hauna kizio. Sehemu ileile ya ubongo inaweza kung'aa zaidi leo kuliko mwezi uliopita kwa sababu tu mashine imepangwa tofauti. Ndiyo maana mtaalamu wa radiolojia huisoma kwa kulinganisha sehemu moja na jirani yake. MRI ya vipimo hutoa thamani yenye kizio kwa kila nukta ya picha: muda kwa milisekunde, mafuta kwa asilimia, ugumu wa tishu kwa kilopaskali. Thamani hiyo unaweza kuiweka kando ya ile ya mwaka jana ukaona kama ugonjwa umesogea.

Mashine inapima nini hasa?

Inapima tabia ya haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Ndani ya sumaku kubwa, baadhi ya viini vya haidrojeni hujipanga kuifuata sumaku. Mawimbi ya redio huvitoa kwenye mpangilio huo, kisha huachwa virudi. Muda wa kurudi huitwa T1. Muda wa ishara kufifia, viini vinapoacha kuzunguka kwa pamoja, huitwa T2. Uvimbe, kovu na maji yaliyojaa kwenye tishu hubadilisha nyakati hizo.

Watu wengi hawajui kwamba kupima kulitangulia kupiga picha. Mwaka 1971, Raymond Damadian wa Marekani alionesha kuwa vivimbe vya saratani vya panya vina nyakati tofauti na tishu zenye afya. Picha ya kwanza ya MRI ilichapishwa na mwanakemia Paul Lauterbur mwaka 1973.

Kuna wagonjwa walionufaika tayari?

Wapo, na mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hawa huongezewa damu mara kwa mara maisha yao yote, na kila uniti ya damu huja na madini ya chuma ambayo mwili hauna njia ya kuyatoa. Chuma hicho hujilundika kwenye ini na moyo. Kwa miaka mingi waliokufa zaidi walikufa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, na wengi walikuwa bado vijana. Kipimo cha feritini, protini ya kuhifadhi chuma, kwenye damu hakikutosha kuonesha hatari hiyo. Hata kipande cha ini kilichokatwa na kupimwa hakikuweza kusema hali ya moyo, kwa sababu viungo hivi viwili havijazi chuma kwa mwendo mmoja.

Chuma huifanya ishara ya MRI ife haraka, na kasi hiyo hupimika kwa thamani inayoandikwa T2*. Mwaka 2001, watafiti wa London walionesha kwamba kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), T2* ya moyo ikiwa chini ya milisekunde 20, chuma kimeshaingia moyoni. Ikishuka chini ya 10, hatari ya moyo kushindwa ni kubwa. Daktari huweza kuongeza dawa za kuondoa chuma mapema, moyo ukiwa bado unapiga vizuri. Uingereza ilishuhudia vifo vya wagonjwa hawa vikipungua sana baada ya kipimo hiki kuanza kutumika.

Na ini?

Kiasi cha mafuta hupimwa kwa asilimia, bila sindano wala kukata kipande cha ini. Ugumu unaotokana na makovu hupimwa kwa elastografia: kifaa kinachowekwa juu ya ubavu hutetema, na mashine hufuatilia mawimbi hayo yanavyopita ndani ya ini. Ini gumu huyapitisha kwa kasi zaidi.

Vipimo vyote hivi si vitachukua muda mrefu?

Zamani, ndiyo, kwa kuwa kila thamani ilitafutwa peke yake. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, walichapisha mbinu inayopima T1 na T2 kwa pamoja. Mashine hubadilisha mipangilio yake mfululizo, kila tishu hutoa mfuatano wake wa ishara, kisha kompyuta hutafuta mfuatano unaofanana nao kwenye orodha iliyokokotolewa mapema.

Namba hizi zinaaminika kila mahali?

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. T1 huongezeka sumaku inapokuwa na nguvu zaidi, hivyo thamani ya tesla 3 huwezi kuilinganisha moja kwa moja na ya tesla 1.5. Programu za kukokotoa nazo hutofautiana. Watafiti hutumia vyombo vya majaribio vyenye vimiminika ambavyo thamani zake zinajulikana, wakavipima kwenye kila mashine kabla ya kuziamini namba za watu waliopimwa humo. Bila hatua hiyo, badiliko linalodhaniwa kuwa kazi ya dawa mpya huenda ni tofauti ya mashine tu.

Kuna mionzi?

Hakuna mionzi kama ya eksirei. Tahadhari ni ileile ya MRI yoyote: mwambie mhudumu ukiwa na betri ya moyo au chuma chochote mwilini. Na ikiwa unafuatiliwa kwa miaka, omba upimwe kwenye mashine ileile, au nguvu yake ya sumaku iandikwe kwenye kila ripoti.