Mbwa mtulivu naye huanguka kwenye pikipiki

Wengi husema: "Wangu ametulia, nampakata juu ya tangi na wala hatikisiki." Utulivu wake siupingi. Ila pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde. Ukifunga breki ghafla, mbwa anaendelea na mwendo uleule, na mikono yako yote miwili iko kwenye usukani. Nani amshike?

Wengine humfunga kamba shingoni. Hapo ndipo pabaya zaidi: akimwona paka akaruka, kamba inamnyonga huku pikipiki inamburuta.

Kinachofaa ni kisanduku kigumu chenye matundu ya hewa, kilichofungwa imara kwenye keria, sakafu isiyoteleza, na nafasi ya kulala na kugeuka. Ndani, kamba fupi ishikizwe kwenye mikanda inayozunguka kifua. Mzoeze kwanza injini ikiwa imezimwa, aingie na kutoka mwenyewe hadi asikione kitu kigeni. Jua likiwa kali, simama mara kwa mara: mbwa hujipoza kwa kuhema, na kisanduku kilichoanikwa juani ni tanuri. Jibwa la kilo 40? Huyo mtafutie gari.