Je, wajua kwa nini nyumba ya kando ya ziwa haitakiwi kumeza kiwanja chote?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka: ziwa litakuja. Mjomba wangu alipokuwa anapima msingi wake kule Nguba, hapa Bukavu, ni mimi niliyemwambia, "Mjomba, rudi nyuma kidogo, mawimbi yasikufuate." Nilikosea upande. Maji ya kuogopa yalikuwa mgongoni mwake, mlimani.

Kosa hilo nililiazima baharini. Kule maji hujaa na kupwa kila siku na mawimbi hula mchanga, kwa hiyo kujenga mbali ni kinga ya nyumba. Ziwa letu, Kivu, halina kujaa na kupwa kwa kuonekana. Maji yake yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Ruzizi, na karibu na mlango huo kuna bwawa la umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kina chake hubadilika taratibu. (Tanganyika msilipe sifa hiyo: mwaka 2024 lilipanda likaingia mitaa ya Uvira.) Tena sheria yetu ya ardhi ya Kongo ya 1973 inahesabu sakafu ya ziwa, ambayo ni mali ya Serikali, hadi pale maji yanapofika yakijaa kwa kawaida yake, si pale yanapoishia leo kiangazi. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda wanaacha mita 50 toka ziwani.

Sasa mvua. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200, pengine ndani ya saa moja. Ukitia saruji ua wenye ukubwa uleule, ni mapipa 30.

Udongo wenye majani ni godoro la sponji: unakunywa kwanza, ndipo unavuja. Saruji ni sinia. Na sinia lako limeinama juu ya sinia la jirani, naye juu ya mwingine, mpaka ziwani. Anayeishi chini kabisa anapokea mapipa ya mtaa mzima, pamoja na tope, chupa za plastiki na yaliyofurika vyooni. Ukanda wa majani ufukweni ni chujio la chai la mwisho. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi huweka kikomo cha sehemu ya kiwanja inayofunikwa.

Lakini tusiibebeshe saruji kila maporomoko. Kule Funu, mtaa mwingine wa hapa Bukavu, ardhi inateleza polepole kwa sababu zake yenyewe, na mahali kama hapo maji yanayozama sana yanaweza hata kuongeza utelezi. Godoro nalo likilowa linakuwa zito.

Mjomba alirudi nyuma kama nilivyomshauri. Nafasi aliyoiacha akaimwagia zege, apate pa kuegesha gari.