Dhana potofu kuhusu mawe ya kale ya pwani yetu

Wengi wetu tuliokulia Malindi tulizoea kuihesabu historia ya pwani kuanzia misikiti ya Gedi na majahazi ya kaskazi, kana kwamba kabla yake ilikuwa nyika tupu. Hesabu hiyo ni fupi mno. Katika pango la Panga ya Saidi, huku huku kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, watu walikuwa wakiishi na kuchonga mawe miaka 78,000 iliyopita, na ndimo alimozikwa mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 2021.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba watu hao waliokota jiwe lolote na kulivunja ovyo, na kwamba, kwa kuwa sisi hujenga kwa matumbawe, wao pia walitengeneza zana kwa matumbawe. Fundi yeyote wa Lamu anajua kwamba tumbawe lililotoka majini huchongeka kwa urahisi, kwani limejaa vitundu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nguvu ya pigo hupotea ndani yake, likamomonyoka bila kutoa makali. Mchongaji wa kale alihitaji jiwe gumu lenye chembe ndogo ndogo zilizoshikamana, kama vile kwatzi, gumegume, au jiwe la chokaa la vilimani. Aliligonga ukingoni, kwa mshazari, na pigo likabandua kibanzi chenye makali ya wembe. Hilo halifanyiki kwa kubahatisha. Ni lazima umbo la jiwe litayarishwe kabla ya pigo lenyewe.

Wengine hudhani vipande vidogo ni takataka tu, au ni dalili ya ufundi kufifia. Huko Panga ya Saidi zana zilianza kuwa ndogo yapata miaka 67,000 iliyopita, na kipande kidogo kina faida zake: jiwe zuri halipotei bure, na kipande chaweza kutiwa kwenye mpini. Wala si kweli kwamba wageni walikuja wakafuta ya zamani kwa mkupuo mmoja, kwa maana mbinu za awali ziliendelea kuonekana katika tabaka za baadaye.

Kuhusu chakula, ukaribu wa bahari usitudanganye. Mabaki ya pangoni yanaonyesha uwindaji wa msituni na mbugani kuliko uvuvi, ilhali simbi za baharini zilibebwa hadi huko vilimani zikafanywa shanga.